Lugha chanya kwa mtoto si kumsifu kwa kila jambo

Wazazi wengi huamini kwamba kuzungumza na mtoto kwa lugha chanya ni kumdekeza, yaani kumsifu kwa kila afanyalo na kutomkataza lolote. Dhana hiyo si sahihi. Lugha chanya haiondoi mipaka. Humweleza mtoto anachotakiwa kufanya badala ya kuishia kwenye kile asichotakiwa.

Chukulia mtoto wa miaka 3 aliyebeba kikombe kilichojaa maji. Akiambiwa "Usimwage!", anaachiwa kazi mbili kwa pamoja, kujizuia na kubuni mwenyewe la kufanya, ilhali uwezo wake wa kujidhibiti bado ni mchanga. Akiambiwa "Shika kwa mikono miwili, tembea polepole", amepewa maelekezo anayoweza kuyatekeleza papo hapo. Penye hatari ya ghafla, bila shaka, "Acha!" ya sauti kubwa ndiyo inayofaa.

Sifa nazo zinahitaji uangalifu, pengine kuliko hata makatazo. Mwaka 1998 watafiti Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao, baada ya kushindwa maswali magumu, walipungukiwa ari ya kuendelea kuliko wenzao waliosifiwa kwa juhudi. Kwa hiyo "Umeirudia hesabu hii mpaka ukaona ulipokosea" humfaa mtoto kuliko "Wewe una akili sana", kwa sababu humtajia tendo analoweza kulirudia hesabu nyingine itakapomshinda.