Je, wajua kwa nini nyumba za Lavenham zimepinda na hazianguki?

Katika barabara kuu ya Lavenham kuna nyumba moja ya rangi ya machungwa ambayo ukiiona mara ya kwanza utadhani macho yako ndiyo yenye kasoro. Imeinamia upande wa jirani kama mzee anayesikiliza umbea, mlango umekwenda huku na dirisha limekwenda kule, na ghorofa ya juu imechomoza mbele kana kwamba inataka kushuka barabarani. Wenyeji wanaiita Nyumba Iliyopinda. Jina hilo linaionea kidogo, maana ukigeuza shingo utaona jirani naye amepinda, na wa tatu naye hivyo hivyo. Kijiji hicho kimoja kina zaidi ya majengo 300 yanayolindwa na sheria kwa thamani yake ya kihistoria, na mengi yana miaka 500 au zaidi.

Lavenham iko Suffolk, mashariki ya Uingereza, kama kilomita 100 kutoka London. Wakazi wake hawafiki 2,000. Watalii humiminika huko kupiga picha, na swali wanalouliza ni moja: mbona nyumba hizi zimepinda hivi? Mimi naona hapo kuna maswali mawili. La kwanza ni kwa nini zimepinda. La pili ni kwa nini hakuna aliyezibomoa akajenga zilizonyooka. La kwanza linajibiwa na seremala. La pili linajibiwa na mfuko wa mwenye nyumba.

Tuanze na seremala. Suffolk haina mawe mazuri ya kujengea. Kuna udongo wa mfinyanzi, kuna mawe magumu madogo madogo ya gumegume, na zamani kulikuwa na misitu ya mialoni. Mwaloni ukikauka ni mgumu kupindukia, shoka linadunda. Kwa hiyo mafundi wa karne ya 15 waliukata na kuuchonga ungali mbichi, maji yakiwa bado ndani, kwa shoka na tezo, vifaa ambavyo fundi wa majahazi wa Lamu au Zanzibar angevitambua papo hapo. Kusubiri ukauke hakukuwezekana: hesabu ya mafundi ni kwamba mwaloni hukauka unene wa sentimita 2.5 kwa mwaka, basi boriti nene ya kujengea ingemaliza miaka kumi ikingojewa. Nani ana subira hiyo?

Nyumba ilijengwa mbichi, ikakaukia hapo hapo na watu wakiwa wamelala ndani. Mti unapokauka husinyaa upande wa upana kuliko upande wa urefu, na kila nguzo hujisokota kufuata nyuzi zake. Nguzo hii imejikunja kushoto, boriti ile imejinyonga kulia, na baada ya miaka kadhaa hakuna pembe mraba iliyobaki.

Mbona basi haikuporomoka? Kwa sababu haikuwa na msumari katika viungo vyake vikubwa. Kila boriti ilichongwa ulimi, kila nguzo ikatobolewa tundu, ulimi ukaingia tundu, kisha kikapigiliwa kigingi cha mti. Kiungo cha namna hii kinacheza. Nyumba inaegemea, inanung'unika, lakini inashikamana. Tena kadiri mwaloni unavyokauka ndivyo unavyozidi kukaza kigingi.

Katikati ya nguzo walijaza nini? Hapa msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana. Walifuma fito, wakakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na kinyesi cha ng'ombe, halafu wakapaka chokaa juu. Ni mbavu za mbwa! Ukivua chokaa la jumba la tajiri wa Lavenham unakuta kazi ile ile ambayo huku kwetu mtu akipata vijisenti anaikimbilia kuivunja ili apandishe tofali.

Tofauti ilikuwa kwenye idadi ya nguzo. Nyumba ya Lavenham hutaona nguzo mbili tatu tu, utaona zimesimama karibu karibu kama meno. Kimahesabu hazikuhitajika zote. Mwaloni ulikuwa ghali, na mwenye nyumba alitaka mpita njia auone na aelewe kuwa humu ndani kuna pesa. Ni kama mtu anayejenga ukuta wa marumaru hadi nje ya geti.

Kuna mambo mengine yaliyosaidia kupindisha. Vizazi vya baadaye vilikata mihimili ya mshazari ili kupata dirisha pana au mlango mpya, vikaongeza bomba la moshi la matofali mazito upande mmoja, na nyumba ikalemewa. Utasikia pia hadithi kwamba boriti hizi zilitoka kwenye meli zilizovunjwa, eti ndiyo maana zina matundu matupu na zimejikunja. Hadithi tamu, lakini mara nyingi haina mashiko. Matundu matupu ni ya ukuta uliong'olewa au boriti iliyohamishwa kutoka nyumba nyingine, na kujikunja tumeshaona kunatokea wapi.

Sasa pesa. Mwaka 1257 Lavenham ilipewa kibali cha kuwa na soko, lakini utajiri wenyewe ulikuja baadaye na sufu. Wafanyabiashara wa hapo waliwagawia wanawake wa vijijini sufu ya kusokota, wakawapa wafumaji wafume, kisha wakakiuza kitambaa kizito cha buluu hadi ng'ambo. Buluu ile ilitoka kwenye mmea wa jamii ya kabichi. Majani yake yalisagwa, yakafinyangwa madonge, yakavundishwa, na uvundo wake haukuwa wa mchezo: baadaye Malkia Elizabeth wa Kwanza alipiga marufuku kazi hiyo karibu na majumba yake. Sufu ilichovywa kwenye pipa, ikatoka na rangi ya kijani-njano, kisha ikaanza kugeuka buluu mbele ya macho ya mtu kadiri ilivyopigwa na hewa. Kiini cha rangi hiyo ni kile kile cha nili, iliyotia rangi kaniki walizovaa bibi zetu.

Mkubwa wa biashara hiyo alikuwa Thomas Spring, aliyefariki mwaka 1523, ambaye watu walimwita tu Mchuuzi Tajiri wa Nguo. Katika kodi iliyotozwa mwaka 1524, Lavenham ilikuwa ya 14 kwa utajiri katika Uingereza yote. Ilizidi York, mji wenye kuta, kanisa kuu na askofu mkuu wake.

Ukitaka kuuona utajiri huo, inua kichwa utazame mnara wa Kanisa la Watakatifu Petro na Paulo. Una urefu wa mita 43, na kwa kijiji kile ni kama kumvika mtoto kofia ya baba. Hilo ni jengo la mawe, na katika nchi isiyo na mawe hiyo peke yake ni majivuno. Lilijengwa upya baada ya vita vya Bosworth vya mwaka 1485, ambako John de Vere, Earl wa 13 wa Oxford na mwenye ardhi ya Lavenham, aliongoza kikosi cha mbele kilichomweka Henry Tudor kwenye kiti cha ufalme. De Vere alitoa pesa, wenye nguo wakatoa zao, na kila mmoja akahakikisha anaonekana. Nyota ya de Vere imechongwa ukutani, na nguruwe mwitu wake pia, maana kwa Kilatini jina Vere linakaribiana na neno la nguruwe dume. Juu kabisa, kwenye ukingo wa mnara, ziko ngao za ukoo wa Spring. Mfanyabiashara akawa juu ya kabaila, na nadhani hakuna aliyekosa kuliona hilo.

Mnara ulikamilika karibu na mwaka 1525, na mwaka huo huo mambo yakaanza kwenda mrama. Mfalme Henry wa Nane alitaka kupigana na Ufaransa, na waziri wake Kardinali Wolsey akaja na kodi isiyopitishwa na bunge. Akaipa jina la upole, eti ni mchango wa kirafiki. Wenye nguo wakawaambia wafanyakazi wao kwamba wakishalipa hiyo hawatakuwa na fedha ya kuwaajiri. Watu wapatao 4,000 wakakusanyika Lavenham. Inasimuliwa kwamba tajiri mmoja alikuwa ameondoa ndimi za kengele za kanisa mapema, na kengele ambazo zingewaita watu wengi zaidi hazikulia. Duke wa Norfolk, kabaila aliyekuja kuwatuliza kwa niaba ya mfalme, alipowauliza kiongozi wao ni nani, akajibu mtu mzima mmoja, John Greene, kwamba jina la kiongozi ni Umaskini, kwa kuwa yeye na binamu yake Dhiki ndio waliowafikisha hapo. Mfalme akaifuta kodi.

Ilipofika karibu mwaka 1530, chama cha kidini cha Corpus Christi kilimaliza kujenga ukumbi wake kwenye uwanja wa soko, jengo jeupe la mwaloni ambalo leo ndilo linalopigwa picha kuliko yote. Humo matajiri walikula karamu, wakawaombea marehemu wao, na bila shaka wakazungumza bei ya sufu. Hawakulifaidi hata miaka 20. Mwaka 1547 serikali ya Mfalme Edward wa Sita ilivivunja vyama vya namna hiyo, na ukumbi ukaanza maisha ya kuhamahama bila kuhama: ukawa ofisi ya mji, gereza, nyumba ya kuwafanyisha kazi maskini, hata ghala. Tangu mwaka 1951 uko chini ya National Trust, shirika la kutunza majengo ya kale. Ndani wanaonyesha paka aliyekauka, aliyekutwa ndani ya jengo la kale. Waingereza wa zamani walimficha paka kwenye dari au ukutani ili kuzuia uchawi. Sisi tungeita zindiko.

Biashara ya nguo ilifia mikononi mwa wakimbizi. Katika nusu ya pili ya karne ya 16, wafumaji waliokimbia vita nchi za Uholanzi na Ubelgiji ya leo walifika Colchester, kusini ya Lavenham, wakafuma nguo nyepesi na za bei nafuu. Kitambaa kizito cha buluu kikakosa wanunuzi. Nili halisi nayo ikaanza kuingia kutoka India, yenye nguvu kuliko yale majani ya kienyeji.

Hapa ndipo swali la pili linapojibiwa. Karne ya 18 ilipofika, miji yenye pesa ya Uingereza ilifuata mtindo mpya: kuta za matofali, madirisha yaliyopangwa kwa mstari, kila kitu kimenyooka. Nyumba za mwaloni zikaonekana za kishamba. Mwenye uwezo alibomoa. Lavenham wachache walibandika sura mpya mbele ya nyumba kuukuu, lakini wengi hawakuwa na cha kubomolea wala cha kujengea. Wakagawanya majumba ya matajiri kuwa vyumba vya familia maskini, wakaziba nyufa, wakaishi. Sifikirii kulikuwa na mtu aliyejiona anatunza urithi. Mtu alikuwa anasubiri apate pesa, na pesa haikuja kwa miaka 300.

Urithi ulikuja kugunduliwa na wageni, na mgeni mmoja nusura aondoke nao. Mwaka 1911, Binti Mfalme Louise, mtoto wa Malkia Victoria, aliununua Ukumbi wa Sufu, jengo jingine la kale la mwaloni la Lavenham, na kutaka ukajengwe Ascot, upande wa pili wa London. Kwa nyumba hizi jambo hilo linawezekana, maana ukitoa vigingi zinafunguka kama kitanda kinachohama. Mafundi wa zamani walikuwa wakiunganisha fremu kwanza kwenye karakana, wanachonga alama kwa patasi, I, II, III, IIII, kisha wanaitenganisha na kuiunganisha tena kiwanjani. Boriti zikaanza safari. Wanakijiji wakapiga kelele hadi zikarudishwa, na ukumbi ukasimama tena mahali pake. Sasa ni sehemu ya hoteli iitwayo The Swan. Katika baa ya hoteli hiyo kuna kipande cha ukuta chenye saini za wanajeshi wa anga wa Marekani, waliorusha ndege za mabomu kutoka kiwanja cha karibu mwaka 1944 na 1945. Wengine waliosaini hawakurudi.

Katika miaka ya 1960 nyaya za umeme na simu zilifukiwa chini ya ardhi, ndiyo maana picha za Lavenham hazina nguzo wala waya unaokatisha mbingu.

Anayenunua nyumba pale leo hulipa pesa nyingi kwa kile ambacho mwenye nyumba wa mwaka 1750 alikionea aibu, na akishanunua haruhusiwi kukinyoosha. Hata kubadili dirisha kunahitaji kibali. Kinachobaki ni kuinyoosha samani: kipande cha mbao chini ya miguu miwili ya kabati, kingine chini ya kitanda, upande wa kichwani, ili damu isishukie kichwani usiku.