Maziwa ya Mama Yaliyochangwa Hayauzwi, Lakini Yana Gharama

Wiki ya Kunyonyesha Duniani huadhimishwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 hadi 7 Agosti, na kila inapopita simu ya ofisi yetu, benki ya maziwa ya mama inayohudumia watoto njiti hospitalini, huanza kulia kwa swali moja: "Lita moja ni pesa ngapi?" Wengine huuliza kwa adabu. Wengine huuliza kwa hasira, wakiamini tumeyaficha tuwauzie wenye nazo. Mwaka huu malalamiko yamezidi, ndipo nikaombwa niandike. Nitaandika kwa urefu kidogo, maana majibu mafupi tumeyatoa kwenye simu na hayajasaidia.

Jibu ni kwamba hayauzwi. Mama anayeyatoa halipwi, na mtoto anayepewa hatozwi. Ni kama damu unayochangia hospitalini. Hata hivyo, kukosa bei dukani hakumaanishi maziwa hayo yametufikia bure.

Asubuhi moja mwaka jana boda boda alisimama mlangoni petu na kushusha kikapu. Ndani mlikuwa na chupa ya soda ya nusu lita, imejaa maziwa hadi shingoni, imezungushiwa leso iliyolowa barafu iliyokwisha kuyeyuka. Mafuta yalikuwa yamepanda juu, ya manjano mazuri kabisa. Kulikuwa na kikaratasi: "Ya wale wadogo. Mungu awabariki." Nilimpigia mama yule, nikamshukuru kwa moyo wote, kisha nikamweleza kwamba ilibidi niyamwage. Akanyamaza kidogo. "Yaani daktari, umemwaga?" Mimi si daktari, ni afisa wa lishe, lakini sikuona kama huo ndio wakati wa kumsahihisha.

Nilimwaga kwa sababu ya utaratibu, na utaratibu ndio huu. Mtoaji lazima awe na mtoto wake aliyekwisha kushiba. Hatuchukui cha mtoto mmoja tukampa mwingine. Anajibu maswali kuhusu dawa anazotumia, sigara, pombe na magonjwa aliyowahi kuugua. Anapimwa damu: VVU, homa ya ini aina ya B, kaswende. Anatia sahihi fomu ya ridhaa. Ndipo anapewa chupa zilizotakaswa, kila moja na kibandiko chenye namba yake, tarehe na saa ya kukamua. Maziwa yanagandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Yakiyeyushwa, yanapashwa joto hadi nyuzi 62.5 kwa dakika 30. Si 60, na wala si kuchemsha. Kisha yanapoozwa haraka hadi nyuzi 4. Sampuli inapelekwa maabara kuoteshwa, na tunasubiri saa 48. Kikiota kijidudu chochote baada ya kupashwa joto, chupa zote za mkupuo huo zinamwagwa, hata kama wodini kuna mtoto anayesubiri. Nimeshafanya hivyo, na haizoeleki.

Hesabu sasa: vipimo vya damu, vipimo vya maabara kila mkupuo, mashine ya kupasha, friza, jenereta ya siku stima inapopotea, na mshahara wa muuguzi anayekaa na mama nusu saa akimfundisha kukamua. Yote hayo yamo ndani ya chupa ndogo ambayo mtu ananiambia "si ni maziwa tu, yanajitoa yenyewe." Nchini Marekani, benki za maziwa zisizo za faida hutoza ada ya uandaaji ya kati ya dola 3 na 5 kwa kila wakia, yaani mililita 30 hivi. Hapa kwetu gharama inabebwa na hospitali na washirika wake. Ndiyo maana benki ni chache. Ya kwanza nchini Kenya ilifunguliwa mwaka 2019 katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, ilhali duniani benki ya kwanza ilianza Vienna mwaka 1909. Brazil leo ina zaidi ya 200, na katika baadhi ya miji yake wazima moto ndio hupita nyumbani kukusanya chupa.

Kwa kuwa ni machache, yana wenyewe. Shirika la Afya Duniani linaweka maziwa ya mama mzazi mbele ya yote. Yasipopatikana au yasipotosha, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo anaweza kupewa yaliyochangwa. Tunaowatanguliza ni waliozaliwa kabla ya wiki 32 au walio chini ya kilo moja na nusu. Mtoto wa gramu 1,200 siku ya kwanza hunywa mililita 9 hivi kila baada ya saa tatu, kwa mpira mwembamba unaopitia puani. Hivyo ni chini ya vijiko viwili vya chai. Akishazoea, kwa siku nzima anahitaji kama mililita 190, haijai hata glasi. Mtoto wako wa miezi minne mwenye mashavu hunywa mililita 750 au zaidi kwa siku. Ukija na kikapu chako kununua maziwa ya siku moja, umechukua ya watoto wanne wa wodini. Nadhani hapo tumeelewana.

Faida kubwa iko kwenye utumbo. Kuna ugonjwa ambao wahudumu huuita NEC: ukuta wa utumbo wa mtoto njiti huvimba, sehemu yake hufa, na wakati mwingine hutoboka. Tafiti zilizojumlishwa na wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya, zinaonyesha kwamba watoto hawa wakilishwa maziwa ya kopo badala ya yaliyochangwa, hatari ya ugonjwa huo huongezeka karibu mara mbili. Tafiti hizo hizo zinaonyesha pia kwamba wanaokunywa ya kopo huongeza uzito haraka zaidi, na nisingekuwa mkweli kama ningelificha hilo. Joto la nyuzi 62.5 linaua virusi vya UKIMWI, lakini linaua pia chembe hai za kinga na kudhoofisha kimeng'enya kinachosaga mafuta. Kwa hiyo yaliyochangwa hayalingani na yanayotoka ziwani kwa mama mwenyewe. Kila mama wa wodini kwetu huanza kukamua mapema iwezekanavyo baada ya kujifungua, na ya benki ni daraja la siku chache tu.

Nije kwenye maziwa ya kopo, kwa sababu kuna wanaodhani serikali imeyapiga marufuku, na wengine wanadhani sisi ni maadui wa kila mama aliyeshika kopo. Hakuna lililo kweli. Sheria ya mwaka 2012 ya kudhibiti vibadala vya maziwa ya mama, pamoja na kanuni zake za 2021, haimzuii mtu kununua wala duka kuuza. Inachokataza ni kuyatangaza, kutoa sampuli za bure, kutoa zawadi kwa akina mama au wahudumu wa afya, na kampuni kujipenyeza kwenye kliniki kupitia wawakilishi wake. Chupa za kunyonyeshea na chuchu bandia zimo pia, jambo ambalo wenye maduka hushangaa nalo kila tunapowatembelea. Anayekiuka anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili, na mhudumu wa afya hana kinga kwa kuvaa koti jeupe. Ukiona tangazo au zawadi, piga picha, andika tarehe na mahali, mpelekee afisa wa afya ya umma wa kaunti yako. Usimwandikie muuzaji matusi mtandaoni, haisaidii kesi.

Kuhusu gharama, wengi huangalia bei ya kopo moja na kuishia hapo. Kopo la gramu 400 hutoa kama lita tatu za maziwa. Kwa mtoto wa mililita 750 kwa siku, hizo ni siku nne. Mwezi mmoja unataka makopo saba au manane. Miezi sita, kama 45. Zidisha kwa bei ya duka lako, kisha ongeza mafuta ya stovu au gesi, kwa sababu unga huo hautakaswi kiwandani. Unapaswa kukorogwa kwa maji yaliyochemshwa na ambayo hayajashuka chini ya nyuzi 70, kisha upoozwe kabla ya kumpa mtoto. Maji ya vuguvugu kutoka kwenye chupa ya chai ya asubuhi hayafai. Na pesa zikipungua katikati ya mwezi, mkono huanza kupunguza kijiko: viwili badala ya vitatu. Mtoto anashiba maji. Tunawaona kliniki, uso umejaa, mikono imekonda, na mama anaapa kwamba mtoto anakunywa chupa nane kwa siku. Anasema kweli.

Sasa wale wa vikundi vya WhatsApp. Maziwa ya mama yanayouzwa huko hayajapimwa na mtu yeyote, hata kama muuzaji ana picha ya friza safi. Watafiti wa Marekani waliwahi kununua sampuli 102 mtandaoni. Katika ripoti yao ya 2015, sampuli 10 zilikuwa na maziwa ya ng'ombe mengi kiasi cha kutoweza kuitwa bahati mbaya. Mtu anayelipwa kwa lita atatafuta lita. Na huku kwetu ng'ombe hayuko mbali.

Ndugu zetu Waislamu, hasa wa Pwani na wa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, huuliza jambo zito zaidi: je, watoto waliokunywa maziwa ya mama mmoja si ndugu wa kunyonya, ambao hawaruhusiwi kuoana? Kutoa fatwa si kazi yangu. Ninachojua ni kwamba baraza la fiqhi, yaani la wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, lililokutana Jeddah mwaka 1985 lilikataa benki za aina hii, na wapo wanazuoni wengine walioziruhusu kwa hoja zao. Upande wetu, maziwa ya mama mmoja hayachanganywi na ya mwingine, na daftari linaonyesha chupa ipi ilimfikia nani. Mzazi ana haki ya kukataa, na akikataa mtoto wake hahudumiwi kwa kinyongo. Muulizeni shehe wenu kabla ya kutia sahihi.

Wengi wanaotupigia si wazazi wa watoto njiti. Ni akina mama ambao likizo yao ya miezi mitatu imekwisha na bosi anawataka mezani saa mbili asubuhi. Kwao benki haina jibu. Jibu liko kwenye Sheria ya Afya ya 2017, vifungu vya 71 na 72, vinavyomtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea au kukamulia chenye faragha na mahali pa kuhifadhi, na atoe muda wa kufanya hivyo. Choo hakihesabiwi, ingawa kuna ofisi iliyowahi kutuonyesha kiti na pazia ndani ya choo ikitarajia pongezi. Mwandikie mwajiri barua, baki na nakala.

Mama wa chupa ya soda alirudi baada ya wiki mbili akiwa na mwanawe mgongoni. Alijibu maswali yote, akapimwa, akasubiri majibu, akapewa chupa sita zenye vibandiko. Ya kwanza ilipotoka kwenye mashine ilikuwa na mililita 80. Alitaka kujua itakwenda kwa mtoto gani. Nikamwambia arudi Alhamisi, maabara ikishajibu.