Printa haikupunji, na draiva haina kosa

"Fundi, tangu niapgredi mashine, printa inanipunja."

Hiyo ni kesi ya tatu ndani ya mwezi mmoja, na zote ni mashine za Linux. Safari hii ni dada mwenye steshenari, anapiga picha za pasipoti na kuzichapa kwenye A4, nane kwa karatasi. Picha inatakiwa iwe milimita 35 kwa 45. Nikaichukua moja aliyokwisha kuikata, nikaweka rula ya chuma: 33 kwa 42. Wateja wawili walikuwa wamerudishwa dirishani na picha zao, nao wamemrudia yeye wakiwa wamefura.

Nilipofungua orodha ya printa nikakuta ile ile imeandikwa mara nne, majina yanaishia -2, -3, -4. Sikuhitaji kuuliza. Kila ilipopunguza alifuta na kuongeza upya, kwa sababu kuna kijana alimwambia "ni draiva hiyo", yaani ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa. Basi leo tuimalize hii habari ya draiva.

Dhana: Apgredi imeharibu draiva. Futa printa, iweke upya.

Draiva iliyoharibika haichapi, au inatoa herufi za ajabu ukurasa mzima. Haikai ikapiga hesabu na kupunguza kila kitu kwa asilimia 6 kamili, kulia na kushoto, juu na chini, leo na kesho. Punguzo la namna hiyo limefanywa na programu iliyotii agizo. Cha kutafuta ni nani alitoa agizo, na alidhani una karatasi gani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. A4 ni milimita 210 kwa 297. Letter, karatasi ya Wamarekani, ni 215.9 kwa 279.4: pana kidogo, fupi kwa karibu sentimita mbili. Ukiibana A4 iingie kwenye Letter, kinachokukwamisha ni urefu: 279.4 gawa kwa 297 ni 0.94. Sasa chukua 35 zidisha kwa 0.94, halafu 45 zidisha kwa 0.94, uone kama hupati picha za yule dada.

Kwa hiyo mahali fulani kati ya faili na karatasi kuna mtu anaamini dukani kwake kuna Letter. Dukani hakuna Letter. Sijawahi kuona rimu ya Letter Kariakoo yote, na nimetafuta.

Kwa nini ianze baada ya apgredi? Zamani foleni ya printa yako, yaani printa kama ilivyosajiliwa kwenye kompyuta, ilisimamiwa na faili la PPD lenye maelezo ya printa hiyo, na mtu aliyekufungia mashine alichagua A4 humo, mambo yakaisha. Matoleo mapya yanapenda kuchapa bila draiva kabisa: CUPS, programu inayosimamia uchapaji kwenye Linux, inaiuliza printa yenyewe, kwa lugha ya IPP, "wewe una nini?" na inaamini jibu. Kuanzia Debian 11, toleo la Linux la mwaka 2021, hata printa za waya wa USB zinaingizwa kwenye mtindo huu kupitia kifurushi cha ipp-usb. Na printa inajibu kilichowekwa kwenye menyu yake ya ndani, ambayo kwa nyingi ninazozikuta bado iko Letter tangu itoke kiwandani. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuiuliza.

Ndiyo maana kufuta na kuweka upya hakusaidii. Foleni mpya itauliza swali lile lile na kupata jibu lile lile. Ukiongeza kwa njia ya zamani nako, CUPS inachukua ukubwa wa karatasi kutoka kwenye mfumo, na kama mfumo wako umefungwa kwa Kiingereza cha Marekani, unaweza kuangukia Letter tena. Umefuta, umeweka, umepoteza setingi zako nyingine, na umebaki pale pale.

Ninavyofanya mimi ni hivi, na kwa utaratibu huu huu.

Kwanza napima. Chora mstari wa milimita 100 kwenye LibreOffice, uhifadhi kama PDF, uuchape, uweke rula. Rula ya chuma tafadhali, zile za plastiki za shule nyingine zinadanganya zenyewe. Ukipata 94, shuku Letter. Ukipata 96 au 97, mara nyingi ni programu inabana ukurasa uingie ndani ya kingo ambazo printa haiwezi kufikia. Ukipata 50 au 200, hapo kompyuta na printa hazielewani nukta ngapi kwa inchi, moja inasema 300 na nyingine 600. Hiyo ya mwisho ndiyo kesi pekee ambayo nakubali draiva iitwe mahakamani.

Kisha nachapa faili lile lile bila kupitia programu yoyote, kwa amri ya terminali (JINA ni jina la printa yako):

`lp -d JINA -o media=A4 -o print-scaling=none mstari.pdf`

Mstari ukitoka 100, foleni na printa ni wazima, na mkosaji ni programu unayochapia. Kwenye Evince, ile ya kusomea PDF, fungua dirisha la kuchapa, nenda kwenye kichupo cha Page Handling, pale Page Scaling weka None. Watu wengi wanaishia hapa na hawaniiti tena.

Ukiwa bado 94, uliza foleni inaamini nini:

`lpoptions -p JINA -l | grep PageSize`

Chenye nyota ndicho chaguo-msingi. Nyota ikiwa kwenye Letter, ihamishe kwa `sudo lpadmin -p JINA -o PageSize=A4`. Halafu nenda kwenye printa yenyewe, kwenye vitufe vyake au ukurasa wake wa wavuti, ubadilishe trei iwe A4. Usiruke hatua hii. Ukiiruka, siku foleni itakapojiunda upya utanipigia tena.

Kuna kichaka kimoja cha mwisho: faili la `~/.cups/lpoptions`. Ni la mtumiaji, halifutwi na apgredi, na lililomo ndani yake linashinda chaguo-msingi la foleni. Nimewahi kupoteza nusu saa nzima kwa mteja kwa sababu ya mstari mmoja uliosahaulika humo tangu enzi za printa nyingine yenye jina lile lile. Siku hizi nalifungua mapema.

Kwa yule dada ilikuwa printa. Menyu ya ndani, Letter. Nilibonyeza vitufe vinne, nikafuta zile foleni tatu za ziada, tukachapa: 35 kwa 45. Dakika kumi, na saba kati ya hizo ni kutafuta kitufe cha kurudi nyuma.

Dhana: Ongeza tu iwe asilimia 106, itarudi sawa.

Hii inanikera karibu kama ile ya kwanza. Kihesabu inakaribia, lakini sasa unapanua kitu ndani ya karatasi ambayo kompyuta bado inaiona fupi, kwa hiyo kingo zinakatwa. Na siku mtu akirekebisha foleni, kila kazi yako inatoka kubwa kupita kiasi na hakuna anayekumbuka kwa nini. Usitibu kosa kwa kosa.

Dhana: Test page imetoka nzuri, kwa hiyo setingi ziko sawa.

Test page hujipanga kulingana na karatasi iliyoambiwa. Ikiambiwa Letter, inatoka nzuri ya Letter. Usiangalie uzuri wake, soma pale ilipoandika ukubwa wa karatasi.

Dhana: Ni kwa sababu skrini nimeiweka asilimia 125.

Hapana. Skrini ni skrini. PDF ina vipimo vyake ndani na CUPS haijui kioo chako kikoje. Ukitaka kuviona, andika `pdfinfo faili.pdf`: A4 itaonyesha pointi 595 kwa 842, Letter 612 kwa 792. Na fanya hivyo kabla ya kulaumu chochote, maana faili nyingine mtu amekutumia ikiwa Letter tangu kwake.

Dhana: Printa imechoka, nunua nyingine.

Kama ina kioo cha kunakili, weka rula juu yake, funga kifuniko, piga kopi bila kompyuta kuwashwa, hakikisha kopi iko asilimia 100. Milimita kwenye kopi zikilingana na za rula, printa yako ni nzima. Mpya utakayonunua nayo unaweza kuikuta menyu yake iko Letter.

Dhana: Turudi toleo la zamani.

Unaweza. Utarudi kwenye PPD yako kwa muda, na CUPS 3 inaziacha PPD moja kwa moja. Badilisha tu trei iwe A4, mama.