Kupigwa na mionzi: maana yake kwa vitu tunavyotumia kila siku

Kupigwa na mionzi maana yake ni mionzi kuufikia mwili na kuacha nguvu yake humo. Kitu kuwa na mionzi ni jambo moja, wewe kupigwa nayo ni jingine, na watu wengi huyachanganya. Ndiyo maana mmoja anaogopa kisichomdhuru, na mwenzake anakivaa shingoni kinachomdhuru.

Mionzi inayozungumzwa hapa ni ile yenye nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu. Wataalamu huiita mionzi ayonisha. Ya simu na redio haifikii nguvu hiyo, kwa hiyo tuiweke kando. Na hakuna anayeikwepa kabisa: kutoka ardhini, angani, hewani na ndani ya chakula, mtu hupata wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka (milisiveti ni kipimo cha dozi, yaani kiasi cha mionzi kinachoupata mwili).

Chukua kitambua moshi cha darini. Aina moja ina amerisiamu-241, metali yenye mionzi, kwa kawaida pungufu ya sehemu moja ya milioni ya gramu. Chembe za alfa zinazotoka humo huishia sentimita chache hewani, na hata karatasi huzizuia. Wewe uliyelala chini yake hupati chochote cha kutajika. Ukikivunja au kukichoma moto, hapo umeifungulia amerisiamu njia ya kuingia puani na mdomoni.

Njia hiyo ndiyo iliyowaua wasichana wa viwanda vya saa huko New Jersey, Marekani, miaka ya 1920. Walipaka namba za saa kwa rangi ya radiamu, metali yenye mionzi, ili zing'ae gizani, na kila mara waliichonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Mwili huichukua radiamu kama kalsiamu, ukaipeleka kwenye mifupa, na huko ikawapiga usiku na mchana. Taya zilioza, meno yakang'oka.

Saa za aina hiyo bado zinauzwa kama vitu vya kale. Rangi imegeuka kahawia, haing'ai tena, na mwenye nayo hudhani imekwisha nguvu. Kilichochoka ni kemikali ya kutoa mwanga. Radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Saa yenyewe ikifungwa kioo chake, iache. Kufungua na kukwangua ile rangi kwa kisu ndilo kosa, maana vumbi lake litavutwa kwa pumzi.

Linaloniuma zaidi ni mikufu na bangili za "ioni hasi" (chembe zenye chaji hasi ya umeme), zinazouzwa kama kinga ya mwili. Nyingine zimechanganywa unga wenye thoriamu au urani, metali zenye mionzi. Hizo "ioni" zinatokana na mionzi yenyewe. Desemba 2021 mamlaka ya Uholanzi ilitangaza bidhaa kumi za namna hiyo zenye mionzi, kukiwamo kitambaa cha kufunika macho usingizini. Hebu fikiria: kitu kimegusa ngozi ileile mchana na usiku, mwaka mzima. Dozi hutegemea muda na ukaribu, na hapa vyote viwili vimetimia. Anayekinunua mara nyingi ni mgonjwa anayetafuta nafuu, au mzazi anayemvisha mtoto.

Ukiwa nacho, kivue, kitie kwenye mfuko uliofungwa, kiweke mbali na mahali mnapokaa, kisha uiulize mamlaka ya mionzi ya nchi yako pa kukipeleka. Usikitupe jalalani.