Usimuulize bibi mwaka

Agosti 2002 nilikuwa karani wa sensa katika kijiji kimoja nje ya mji wa Songea. Nikafika kwa bibi mmoja aliyekuwa anapepeta ulezi uani. Nikampa shikamoo, akanisogezea kigoda, maswali yakaenda vizuri mpaka tulipofika kwenye umri.

"Bibi, ulizaliwa mwaka gani?"

"Nani angeandika, mjukuu wangu?"

Kwa wazee kama yeye tulikuwa na orodha ya matukio: vita, njaa, uhuru. Nikaanza kuisoma. Alinisikiliza kidogo, kisha akaweka ungo chini akahesabu kwa njia yake. Alipovunja ungo ulikuwa mwaka wa nzige. Mume wake alipochukuliwa Keya, jeshi la wakoloni Waingereza, kwenda kupigana Burma, yeye alikuwa na mimba ya Mashaka, na mtoto akapewa jina hilo kwa sababu hapakuwa na mtu aliyejua kama baba yake atarudi. Tabu alifuata, mvua zilipokatika. Mjukuu wake wa kwanza ni Uhuru, na huyo hata mimi nilijua ni wa 1961. Kwa watoto wake tu nikapata umri wake, kwa kukosea labda miaka miwili au mitatu.

Leo kazi yangu ni kukusanya masimulizi ya wazee, na bado namrudia yule bibi akilini. Kumbukumbu inahitaji mahali pa kutundikwa, na misumari hiyo hupigiliwa na watu tunaoishi nao. Kwa wazee kama yule bibi, mtoto ndiye kalenda. Jina lake likiitwa asubuhi kwamba aende kuchota maji, mwaka mzima unaitwa pamoja naye.

Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Cambridge, alisimulia mfano mzuri katika kitabu chake cha 1932. Akiwa Swaziland, nchi ambayo sasa inaitwa Eswatini, alimuuliza mchungaji mmoja kuhusu ng'ombe walionunuliwa na tajiri wake kiasi cha mwaka mmoja nyuma. Mchungaji akawataja mmoja mmoja, rangi zao, bei zao. Walipofungua daftari la mauzo wakakuta makosa mawili madogo tu. Wazungu waliokuwa wakiishi huko walizoea kusema kwamba Waswazi wamejaliwa kumbukumbu ya ajabu. Bartlett alipowapima kwa mambo mengine akaona wako kama watu wa kwingine. Ila ng'ombe kwao ni mahari, ni heshima, ni mazungumzo ya jioni. Mtu ambaye kila siku anazungumza habari za ng'ombe, rangi ya ng'ombe itampoteaje?

Mimi mwenyewe nina kumbukumbu moja niliyoishikilia miaka mingi. Naona foleni dukani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wamekalia magunia matupu, wanasubiri unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Naona hata rangi ya ugali wake kwenye sahani ya bati. Siku moja nikamsimulia mama. Akaniangalia kwa upole, akasema, "Baba, siku hizo ulikuwa mgongoni, hata kusimama bado."

Sikuwa nimedanganya. Nilisikia habari ya ile foleni mara nyingi mno, kila ugali ulipobaki sahanini na mtu mzima akatukemea, mpaka hadithi yao ikawa picha yangu. Maurice Halbwachs, mwanasosholojia wa Ufaransa, aliandika mwaka 1925 kwamba tunakumbuka tukiwa ndani ya kundi, kwa mizani ya kundi hilo. Nilipomsoma chuoni nilimwona anazidisha. Mama ndiye aliyenifanya nimwamini.

Taifa nalo hukumbuka hivyo hivyo, kwa kusimulia mambo fulani na kuyapita mengine. Hapa Songea kila tarehe 27 Februari tunawakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906 na wengi wao kuzikwa kaburi moja. Kuna makumbusho, kuna sanamu, kuna watoto wa shule wakiimba. Mwaka 1956 Nyerere aliitaja vita hii mbele ya Umoja wa Mataifa, na tangu hapo imesimuliwa kama mwanzo wa umoja wetu. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwahoji wazee waliokuwa bado hai, kazi ambayo sisi tulio nyuma yao hatutaweza kuirudia kamwe. Na tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa akaomba radhi. Ukoo wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa wakati huo na ambaye kichwa chake inaaminika kilipelekwa Ujerumani, ulikuwa na jambo moja la kumwambia, lile ambalo umelitunza kwa zaidi ya karne: kichwa cha babu yao kiko wapi?

Kitanzi, maji ya dawa yaliyoaminika kuzuia risasi na majina ya wanaume mashujaa vimepata misumari imara. Njaa haijapata. Nayo iliua watu wengi kuliko risasi, kwa sababu Wajerumani walichoma mashamba na maghala kwa makusudi, ili watu wakose cha kula wasalimu amri. Hakuna siku ya njaa katika kalenda yetu, na mtu aliyekufa akitafuta mizizi porini hajengewi sanamu.

Nilidhani basi imesahaulika. Halafu nikaenda kwa mzee mmoja kumhoji habari za babu yake aliyepigana. Juu ya mafiga, kwenye moshi, palining'inia kibuyu cheusi kwa masizi. Nikauliza kina nini. Mbegu za mahindi, akasema. Kuhifadhi mbegu kwenye moshi si jambo geni, moshi hufukuza wadudu. Lakini huyu aliniambia kile kibuyu hakishushwi kabla ya mvua za kwanza, hata watoto walale na njaa, na mkwe aliyewahi kukishusha alirudishwa kwao.

"Nani aliyekataza, mzee?"

"Ndivyo tulivyokuta. Bibi mzaa baba alikuwa anasema kuna watu walikula mbegu, mvua zikanyesha wakabaki na majembe tu."

Mwaka hakuujua, na habari ya Majimaji hakuiunganisha na kibuyu hata kidogo. Kwenye dodoso langu la sasa swali la mwaka nimelipeleka ukurasa wa mwisho. La kwanza ni hili: humu ndani kuna kitu gani ambacho hakiguswi?