"Ina mpango gani?" Swali linalompa Waziri pa kutokea

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kusoma Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, za Bunge la Tanzania na kusaidia kuandaa maswali ya wabunge, na neno ninalolifuta zaidi kwenye rasimu ni "mpango". "Je, Serikali ina mpango gani wa kukamilisha maboma ya zahanati?" Maboma hapa ni majengo yaliyoanza kujengwa yasiishe. Jibu lake unalijua kabla Naibu Waziri hajasimama: Serikali inatambua umuhimu wa huduma za afya na itaendelea kutenga fedha kadri zitakavyopatikana. Hapo hakuna aliyedanganya, na mbunge anarudi jimboni mikono mitupu.

Ibara ya 63(3)(a) ya Katiba inalipa Bunge uwezo wa kumwuliza Waziri yeyote swali kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Swali la msingi huandikwa, likapelekwa kwa Katibu wa Bunge, na wizara hulipata kabla ya siku ya kujibu. Wapo wanaoona huko ni kumbeba Waziri. Mimi nasema ndipo penye nguvu yake. Swali la papo kwa papo unaweza kulikwepa kwa kusema takwimu huna hapa. Lililoandikwa na kuomba tarakimu linamlazimu ofisa wizarani apige simu halmashauri, afungue majalada, aandike namba ambayo bosi wake ataisimamia mbele ya nchi nzima.

Swali lile la zahanati ningeliandika hivi:

(a) Je, ni kiasi gani cha fedha kiliidhinishwa kukamilisha maboma ya zahanati katika halmashauri hii kwa mwaka wa fedha 2023/2024, na ni kiasi gani kilikuwa kimepokelewa hadi tarehe 30 Juni, 2024?

(b) Je, ni maboma mangapi hayajaezekwa, na yako vijiji gani?

Kuidhinishwa na kupokelewa ni vitu viwili. Bunge hupitisha bajeti kila Juni, lakini fedha iliyopitishwa inaweza isifike. Katika pengo hilo ndipo boma ambalo wanakijiji walichangishana matofali na kusomba mchanga wenyewe linapoishia kwenye lenta, masika yakilinyeshea mwaka baada ya mwaka, na mama mjamzito akiendelea kutembea hadi kata ya pili. Waziri akijibu kwamba fedha "zimetengwa", swali la nyongeza ni neno moja tu: zimefika?

Nafasi hizo za nyongeza, aliyeuliza hupewa mbili. Inaniuma mbunge anapoanza na "pamoja na majibu mazuri ya Serikali", kisha akahamia kwenye barabara ambayo haikuwemo kwenye swali. Jibu lenye upungufu limeshaachwa lipite, wakati Spika angeweza hata kuagiza lijibiwe upya.

Jibu likishaingia kwenye Hansard haliozi. Nikisoma leo kwamba upembuzi yakinifu wa barabara fulani unaendelea, natafuta lilivyosema jibu la miaka miwili nyuma kuhusu barabara ileile. Likiwa lilisema upembuzi umekamilika, naandika rasimu mpya papo hapo, na mstari wake wa kwanza ni tarehe ya kikao kile.