H ya kwenye majibu si H ya "hatari"

Juzi mzee mmoja wa Chamwino alinisogezea karatasi ya majibu ya binti yake pale dirishani, kwenye maabara ninayofanyia kazi hapa Dodoma mjini. Binti kalazwa, mafua makali yameshuka hadi mapafuni. Nikamwamkia, hata hakuitikia vizuri. Kidole chake kilikuwa kimeganda juu ya herufi moja.

"Mwanangu, hii H hapa ni hatari, siyo?"

Mstari wa CRP, kipimo cha damu cha kuona mwili umewaka kiasi gani, ulisoma 148, kawaida ikiwa chini ya 5, na pembeni H imekolezwa wino. Picha ya karatasi hiyo ilishafika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na huko watu walishaanza kuulizana nani ana gari.

H ile ni ya "high", yaani juu, na huwekwa na mashine. Inasema kiwango kimepita cha kawaida, basi. Ingewekwa hata kama CRP ingekuwa 6.

Dhana: CRP ikiwa juu sana, mgonjwa haponi.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili ukishapata habari kwamba kuna shambulio. Iligunduliwa mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Haihesabu virusi, inaonyesha mwili wenyewe umepandwa na moto kiasi gani. Ni kweli kwamba wakati wa UVIKO-19, waliofariki kwa wastani walikuwa na CRP ya juu kuliko waliopona, pamoja na feritini na D-dima, vipimo vingine vya damu, na limfosaiti zao, yaani chembe nyeupe za kinga, zilikuwa chache. Lakini wastani wa mamia ya watu haumwambii mzee huyu lolote la uhakika kuhusu binti yake.

Mfano ninaoupenda ni hesabu ya alama iliyotungwa Uingereza mwaka 2020, inayoitwa 4C, ya kukadiria nani kati ya waliolazwa kwa UVIKO-19 yuko kwenye hatari ya kufa. Jumla ni alama 21. Umri peke yake unaweza kubeba 7. CRP, iwe 100 au iwe 400, inabeba 2 tu. Alama 2 hizohizo anapewa anayepumua mara 30 au zaidi kwa dakika, na vilevile ambaye oksijeni yake imeshuka chini ya asilimia 92. Pumzi unazihesabu kwa saa ya mkononi, bila hata shilingi. Nasema hivyo nikijua mshahara wangu unatokana na vipimo.

Dhana: CRP ndogo, basi turudi nyumbani.

Inategemea damu ilichukuliwa lini. CRP huanza kupanda saa kadhaa baada ya mwili kushtuka, na hufika kileleni baada ya siku mbili hivi. Ukitoa damu mapema mno, unapata majibu mazuri ya ugonjwa ambao ndiyo kwanza unajipanga. Tena kiwanda chake ni ini. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotutesa hapa Dodoma mwaka 2007 hadi watu wakaogopa nyama, hushambulia ini. Na ini lililoharibika sana hushindwa kutengeneza CRP ya kutosha. Namba inakuwa ndogo kwa sababu fundi kaanguka.

Dengi nayo ina ujanja wake. Mtu katoka Dar na homa, siku ya nne au ya tano homa inashuka, nyumba nzima inashukuru, kumbe hapo ndipo mishipa inaanza kuvujisha maji ya damu. Anayetoa onyo hapo ni chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zinazoporomoka huku damu ikizidi kuwa nzito. Hayo yako kwenye picha kamili ya damu, ile ya kichupa cha kifuniko cha zambarau. CRP inaweza kuwa imetulia tu.

Dhana: CRP ikipita 100 ni bakteria, tafuta antibaiotiki.

Mafua makali na UVIKO-19 huipandisha kupita 100 bila bakteria yeyote. Prokalsitonini, kipimo kingine cha damu, husaidia kidogo kutofautisha, ila figo zikifeli nayo hupanda.

Dhana: dawa ya kuishusha namba ndiyo dawa ya ugonjwa.

Hii ndiyo inayonikera. Mtu anaona H, anapita duka la dawa, ananunua deksamethasoni, steroidi ya kutuliza moto wa mwili. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa dawa za UVIKO-19, RECOVERY, ulitoa matokeo Juni 2020: dawa hiyo ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia kitu. Kwa hiyo kilichoamua ni pumzi. Ndani ya utafiti huohuo, dawa nyingine, tosilizumabu, ilijaribiwa kwa wenye oksijeni ndogo *na* CRP ya 75 au zaidi, vyote viwili kwa pamoja. Dawa hiyo huziba njia ya ujumbe unaoliamuru ini kutengeneza CRP. Ukishachoma sindano, CRP inaanguka hata kama bakteria wanamtafuna mgonjwa kimyakimya, na karatasi itakuwa safi kabisa.

Nilimwuliza mzee: "Baba, anaongea sentensi ikaisha bila kukata pumzi?" Akasema asubuhi kamgombeza mama yake kwa uji kukosa sukari. Oksijeni kidoleni, 96. Nikamwambia karatasi ampelekee daktari wodini, na kundi la ukoo alinyamazishe kwanza.

Baada ya siku mbili damu ililetwa tena. CRP ilisoma 61. H bado ilikuwa palepale.